Siku ya Eric Carle kwa watoto: karatasi zake za rangi hutengenezwaje, na maisha yake tuyasimulieje?

mkutubi_pwani

Wadau wa vitabu vya watoto, salaam. Maktaba yetu hapa Tanga inaandaa siku ya kumuenzi Eric Carle, mchoraji wa The Very Hungry Caterpillar, kile kitabu cha kiwavi anayekula mpaka anatoboa kurasa. Tunategemea watoto 30, wa miaka 5 hadi 9. Hatutaki iishie kwenye kusoma kwa sauti na kugawa picha za kupaka rangi. Tunataka watoto waone picha zake zilivyokuwa zikijengwa, na wazijenge wenyewe.

Naomba msaada. Zile karatasi zake zenye michirizi na madoa alizitengenezaje, na kwa vifaa vya maduka yetu tufanyeje? Rangi kiasi gani itatosha watoto 30? Na kuhusu maisha yake, yapi yanafaa kusimuliwa kwa umri huu, hasa yale ya vita? Kwingine wanaandika alikuwa Mjerumani, kwingine Mmarekani.

kolaji_mezani

Mkutubi, hongereni. Nianze na karatasi, maana kazi ya Carle ilianzia hapo. Wengi wakimuiga huchora mnyama kwanza, kisha wakampaka rangi. Yeye alianza na karatasi, mnyama akaja baadaye. Alichukua karatasi nyeupe nyembamba sana, akaipaka rangi ya akriliki kwa brashi, sponji, vidole, hata kipande cha zulia, akaiacha ikauke, kisha akaihifadhi kwenye droo kufuatana na rangi. Siku ya kutengeneza picha alitafuta humo droo karatasi inayofaa kuwa manyoya ya dubu au ganda la kobe. Ndiyo maana kijani chake hakijatulia mahali pamoja: ndani ya jani moja utakuta njano, buluu na mikwaruzo ya brashi.

Kwa hiyo gawanyeni kazi siku mbili. Siku ya kwanza ni kupaka karatasi tu, bila kuchora chochote. Siku ya pili ni kukata na kubandika. Mkizibana zote kwenye Jumamosi moja, watoto watakata karatasi mbichi, na karatasi mbichi haikatiki, inanyofoka.

Karatasi ya kununua ni ile laini inayofungia zawadi, ambayo pia hujazwa ndani ya viatu vipya. Chukueni nyeupe tupu. Zile zilizotiwa rangi kiwandani zinashawishi, lakini nyingi huchuja mara gundi ya maji ikizigusa, na zikibandikwa penye jua hupauka.

Rangi iwe akriliki. Ikikauka hugeuka utando usioyeyuka tena kwa maji, na utando huo unafanya kazi mbili: unaipa nguvu karatasi ambayo ikiwa tupu hupasuka hata kwa ukucha, na unazuia rangi isitoke ukipitisha gundi juu yake. Rangi za maji za shuleni, vile vidonge vya kwenye kisanduku, hulowa upya siku ya kubandika na kuchafua kila kitu. Kama akriliki nyeupe ni ghali, rangi ya maji ya kupakia kuta za ndani inaweza kushika nafasi ya nyeupe peke yake. Msiitegemee kwa rangi zote, maana ina chokaa nyingi na hupukutika karatasi ikikunjwa.

Vipimo. Chukueni karatasi 12 za sentimita 50 kwa 70, na kila moja muikate vipande vinne kabla ya kupaka. Mtapata vipande 48: kila mtoto kimoja, na 18 vya akiba kwa vitakavyochanika. Koti la kwanza kwenye karatasi nzima hula kama mililita 35 za rangi iliyochanganywa, mapambo ya juu kama 15. Jumla ni mililita 600 hivi. Changanyeni rangi sehemu mbili kwa maji sehemu moja, yaani rangi 400 na maji 200. Katika hizo 400, njano iwe 150, nyekundu 100, buluu 100, nyeupe 50. Njano huwa ya kwanza kuisha kwa sababu ndiyo inayotengeneza kijani na rangi ya chungwa, na tone dogo tu la buluu huimeza. Siku zote tieni buluu ndani ya njano kidogo kidogo, msifanye kinyume chake.

Uzito wa mchanganyiko uwe kama wa maziwa ya mgando yaliyokorogwa. Ukiwa mwepesi kuliko hapo karatasi inalowa na kuraruka kabla brashi haijafika mwisho. Ukiwa mzito unaivuta na kuikunja.

Tandikeni mezani nailoni nene. Gazeti halifai: wino wake huhamia nyuma ya karatasi, na rangi ikipenya karatasi inagandia hapo hapo. Brashi iwe laini, upana wa inchi moja au mbili. Mtoto aanzie katikati kwenda ukingoni, na asirudie mahali palipolowa, kwa sababu nyuzi za karatasi zimeshalegea na brashi ya pili itazing'oa. Mikunjo midogo waiache, itakuja kuwa ngozi ya mnyama.

Ikishapakwa isiinuliwe. Ikaukie juu ya nailoni, kisha ibanduliwe taratibu kuanzia pembeni. Kwa unyevu wa Tanga hesabuni saa moja hadi mbili, mvua ikinyesha zaidi. Feni izunguke juu, isipige karatasi moja kwa moja.

Baada ya hapo ndipo koti la pili la michoro: sponji, uma, kitana, tambara lililofinyangwa. Kitana kisitumike kwenye koti la kwanza, kitaichana karatasi. Koti la kwanza likishakauka limekuwa kinga, na unaweza kukwaruza bila hofu.

Jambo moja la kupanga mapema: meza tano za watoto sita, kila meza na jamaa yake ya rangi. Njano na chungwa meza moja, nyekundu na waridi nyingine, kijani, buluu, na ya tano nyeupe na kahawia. Mkiweka rangi zote kila meza, baada ya dakika kumi mna vikombe thelathini vya tope la kahawia. Siku ya pili ndipo karatasi zote zinaingia kwenye ghala moja, kila mtoto anachagua, na anakuta karatasi ya mwenzake ndiyo inayofaa kwa kiwavi wake.

Siku ya kubandika: gundi nyeupe ya mbao sehemu mbili, maji sehemu moja. Carle alitumia gundi ya karatasi za ukutani, lakini hii ya mbao inatosha. Paka gundi kwenye ubao wa chini, yaani manila au kadibodi, usiipake kwenye kipande cha karatasi. Karatasi nyembamba ikipakwa gundi hujikunja na kujishika yenyewe, na mtoto wa miaka 5 hawezi tena kuifungua. Laza kipande, kisha sukuma hewa kwa kidole kutoka katikati. Maumbo makubwa yatangulie, madogo yafuate, macho mwisho. Vipapasio, yaani vipembe vya kichwani, na miguu miembamba vichorwe kwa kalamu za nta. Carle mwenyewe aliongezea vitu vidogo kwa kalamu hizo.

Wakichora umbo kwa penseli nyuma ya karatasi, kumbusheni kwamba litageuka: kiwavi anayetazama kulia atatazama kushoto.

wino_na_historia

Nichukue upande wa maisha. Alizaliwa Syracuse, jimbo la New York, tarehe 25 Juni 1929, kwa wazazi wenye asili ya Ujerumani. Mwaka 1935, akiwa na miaka 6, familia ikahamia Stuttgart. Kwa hiyo alikulia Ujerumani ya Wanazi, akasomea sanaa Stuttgart baada ya vita, na mwaka 1952 akarudi New York akiwa na dola 40 mfukoni. Mmarekani kwa kuzaliwa, aliyefundwa Ujerumani. Mkiandika hivyo kwenye bango hakuna atakayewapinga.

Kwa watoto wa miaka 5 na 6 anzeni na baba yake. Alikuwa akimchukua Eric matembezini msituni, anainua jiwe au ganda la mti, anamwonyesha wadudu wanaoishi chini yake, anamweleza habari zao, kisha anawarudishia nyumba yao taratibu. Kutoka hapo unaona kiwavi, buibui, nyenje na kimulimuli wa vitabu vyake walitokea wapi. Lifanyeni kwa vitendo uwanjani mwa maktaba. Jiwe ligeuzwe na mtu mzima kwa kijiti, likiinuliwa kutoka upande wa pili ili uwazi usielekee miguu ya watoto, maana huku kwetu tandu na nge hukaa hapo hapo. Watoto watazame dakika mbili, kisha jiwe lirudishwe lilivyokuwa. Hiyo ya kurudisha msiiruke.

Vita: kwa wadogo inatosha kusema palitokea vita, baba akapelekwa mbali, na Eric alikaa miaka mingi bila kumwona. Baba alichukuliwa jeshini, akawa mfungwa wa Wasovieti, akarudi mwishoni mwa 1947 amekonda vibaya. Eric mwenyewe akiwa kijana wa miaka 15 alipelekwa kuchimba mahandaki. Haya yanawafaa wa miaka 8 na 9, tena kwa kifupi.

Kisa cha mwalimu wake wa kuchora ndicho cha kusimulia kwa kirefu. Jina lake Fridolin Krauss. Serikali ya Wanazi ilikuwa imepiga marufuku sanaa ya wachoraji wa kisasa, wale waliopaka farasi buluu na uso kijani. Krauss alimwita Eric nyumbani kwake na kumwonyesha kwa siri nakala za picha hizo, jambo ambalo lingeweza kumtia mwalimu matatani makubwa. Mwaka 2011, Carle akiwa na umri wa miaka zaidi ya 80, alitoa The Artist Who Painted a Blue Horse, kitabu cha kumkumbuka Franz Marc, mmoja wa wachoraji wale. Farasi ni buluu, mamba ni mwekundu. Zoezi lake ni rahisi: kila mtoto achague mnyama, halafu atumie karatasi ya rangi ambayo mnyama huyo hana. Mtoto akisema "tembo hayuko hivyo", mmepata pa kuingilia habari ya mwalimu Krauss.

Ujana wake Marekani semeni haraka haraka: kazi ya usanifu wa kurasa gazeti la New York Times, jeshi, kisha matangazo ya biashara. Mwandishi Bill Martin Jr aliona tangazo lenye kambakoche mwekundu aliyetengenezwa na Carle, akamwomba amchoree kitabu. Ndicho Brown Bear, Brown Bear, What Do You See? cha mwaka 1967. Carle alikuwa anakaribia miaka 40. Kiwavi kilifuata 1969, na nakala zake zilizouzwa zimepita milioni 50, katika lugha zaidi ya 60.

Alifariki 23 Mei 2021 huko Northampton, Massachusetts, akiwa na miaka 91. Yeye na mkewe Barbara walianzisha jumba la makumbusho ya sanaa ya vitabu vya picha, Amherst, lililofunguliwa Novemba 2002. Halikujengwa kwa ajili ya picha zake tu, linaonyesha pia kazi za wachoraji wengine wa vitabu vya watoto kutoka nchi mbalimbali. Kwa maoni yangu hili lina uzito sawa na kiwavi. Kabla yake, ilikuwa nadra sana picha ya kitabu cha mtoto kupewa ukuta wa jumba la sanaa na kutazamwa kama kazi kamili.

mkutubi_pwani

Asanteni sana, nimeyanakili yote. Maswali mawili yamebaki. Manila ikishabandikwa karatasi inapinda kama bati, dawa yake nini? Na tungependa kila meza itengeneze kitabu kimoja chenye matundu na kurasa zinazozidi kurefuka kama kile cha kiwavi. Mashine ya ofisini ya kutobolea haifiki katikati ya ukurasa.

msanifu_kurasa

Dada mkutubi, hapo umegusa penyewe. Wengi humsifu Carle kwa rangi, lakini aliyoyafanya kwenye umbo la kitabu yamebadilisha zaidi vitabu vya watoto. Wazo la kiwavi lilimjia akitoboa matundu kwenye rundo la karatasi. Mwanzoni alifikiria mnyoo wa vitabu, akampa jina Willi. Mhariri wake Ann Beneduce hakuridhika na mnyoo, wakajadiliana, wakafika kwa kiwavi, na kiwavi akaleta kipepeo. Kisha likaja tatizo la kiwanda: kurasa za upana tofauti na matundu ya kukatwa zilikuwa ghali mno kuchapisha Marekani. Beneduce akapata mchapishaji Japani aliyeweza. Baadaye Carle akaendelea na njia hiyo: The Very Busy Spider cha 1984 kina utando ulioinuka unaoweza kuupapasa, The Very Quiet Cricket cha 1990 kinatoa sauti, na cha kimulimuli, 1995, kinawaka taa.

Sasa kitabu chenu. Msinakili kurasa zake kwa fotokopi, haki zake bado zinalindwa, na hata hivyo zoezi lenyewe litakufa. Chukueni muundo tu. Kwake ni tofaa moja Jumatatu, peasi mbili Jumanne, plamu tatu, stroberi nne, machungwa matano Ijumaa. Ninyi kila meza ichague mla na vyakula vyake: panzi kwenye majani ya muhogo, nzi wa matunda kwenye maembe.

Kurasa tano za manila, zote urefu wa kwenda juu sentimita 20. Upana: 8, 14, 20, 26 na 32. Sentimita 2 za kushoto ni za kushonea, zinazobaki ni nafasi za sentimita 6, moja kwa kila tunda. Tunda liwe na kipenyo cha sentimita 5. Kitabu kikifungwa, kila ukurasa unachungulia nyuma ya mwenzake kwa sentimita 6, na mtoto anaona matunda matano yamepangana kama ngazi kabla hajafungua chochote.

Matundu yawe katikati ya kila tunda, jumla 15. Kipenyo milimita 10 hadi 12, kidole kidogo cha mtoto kipite. Mashine ya ofisini hutoa tundu la milimita 6, ambalo kidole hakiingii. Nendeni kwa fundi viatu, ana chuma cha mrija cha kutobolea mikanda. Chini wekeni gogo au ubao mnene. Mkitoboa juu ya saruji, makali yanaharibika pigo la kwanza. Nyundo ipige mara moja, kwa nguvu, karatasi zisizidi mbili. Kazi hii ni ya mtu mzima.

Utaratibu ukikosewa hapa kila kitu kinaharibika: bandikeni matunda kwanza, yakauke chini ya uzito usiku kucha, ndipo mtoboe. Ukitoboa kabla, karatasi nyembamba itaziba tundu, na ukiikata kwa mkasi ukingo unachanika na kidole cha kwanza kitauendeleza mpasuko. Tobolea upande wa picha, ili kingo zilizopasuka zielekee nyuma.

Ili matundu yalingane, uwekeeni alama ukurasa wa sentimita 32 peke yake, utoboeni, kisha uwe kipimo cha kurasa nyingine zote. Mkipima kila ukurasa kwa rula, tofauti ya milimita mbili mbili zikijumlika kidole kinakwama ukurasa wa tatu.

Halafu kuna mgongo wa ukurasa. Tundu lina pande mbili. Nyuma ya tunda mtakuta tundu lile lile, na hapo ndipo Carle alipomtokeza kiwavi akitoka upande wa pili. Kwa hiyo pangeni migongo kabla ya gundi yoyote: kichwa cha mdudu kikae pembeni ya tundu, kisiwe juu yake.

Manila moja ni laini kwa mikono ya watoto 30. Bandikeni mbili pamoja. Tundu lisikaribie ukingo chini ya sentimita moja na nusu. Kushona: matundu matano ya sindano upande wa kushoto, uzi wa katani uliopakwa nta, au pelekeni steshenari wakaweke springi. Springi inafungua kitabu vizuri zaidi, ila iwe na nafasi, la sivyo ukurasa mfupi wa kwanza hukwama.

mwl_wa_sayansi

Naongeza moja ambalo walimu wenzangu watawauliza. Katika kitabu, kiwavi anajijengea kifuko cha nyuzi na kukaa ndani zaidi ya wiki mbili, kisha anatoka kipepeo. Kifuko cha nyuzi hutengenezwa hasa na viwavi wa nondo. Viwavi wa vipepeo, isipokuwa wachache, huvua ngozi ya mwisho na kubaki pupa mwenye gamba gumu lililo wazi, akining'inia kwenye kijiti. Msibadilishe maneno ya kitabu mnaposoma. Someni kilivyo, kisha onyesheni pupa halisi.

Kumpata ni rahisi. Tafuteni kwenye majani machanga ya mlimao au mchungwa usiopigwa dawa. Viwavi wadogo wa Papilio demodocus, kipepeo wa michungwa na milimao, wana rangi ya kahawia na nyeupe kama kinyesi cha ndege, wakikua wanageuka kijani. Kata tawi alilopo, liweke kwenye chupa ya maji yenye mdomo ulioziba kwa pamba, la sivyo kiwavi hushuka na kuzama. Chupa ikae ndani ya ndoo iliyofunikwa chandarua. Badilisha majani kila siku, ya mlimao huo huo, maana hali majani ya mti wowote. Akiguswa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Hazidhuru, ila watoto waambiwe mapema.

Kaanzeni mwezi mmoja kabla. Pupa hukaa wiki mbili hadi tatu hivi, na msimpulizie maji mengi, ukungu humuua. Wekeni vijiti vya kusimama, kwa sababu kipepeo anayetoka akikosa pa kuning'inia mbawa hukauka zimekunjamana na hataruka tena.

bandari_ya_vitabu

Wakuu, kwa kuwa ni maktaba ya Waswahili, meza moja ya pembeni mpeni Tom Feelings. Naye ni Mmarekani, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1933 na kufariki 2003, na alichora vitabu viwili vya watoto vilivyojengwa juu ya Kiswahili, maneno yakiwa ya Muriel Feelings aliyewahi kufundisha Uganda: Moja Means One cha 1971, cha kuhesabu moja hadi kumi, na Jambo Means Hello cha 1974, cha herufi. Hicho cha pili kina maneno 24 kwa sababu Q na X hazina kazi katika alfabeti yetu. Vyote viwili vilipata heshima ya tuzo ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya michoro ya vitabu vya watoto.

Vinafaa kuwekwa karibu na Carle kwa sababu macho yao yanakwenda njia tofauti kabisa. Carle anakata umbo kwa ukingo mkali na rangi iliyoshiba. Feelings anajenga kwa vivuli, nyeusi na weupe na ukahawia mwepesi, nuru ikitoka kwenye nyuso za watu. Wakubwa wa miaka 8 na 9 waulizeni picha ipi ingeharibika ikitiwa mbinu ya mwenzake, watazame muda mrefu.

kolaji_mezani

Nijibu la kupinda. Gundi ya maji inapanua upande mmoja wa manila, ikikauka inausinyaza, na ubao unavutwa kuelekea upande wa picha. Dawa ni kuweka mvutano huo huo nyuma: bandikeni karatasi nyeupe ya kawaida mgongoni, kwa gundi ile ile, siku ile ile. Kisha laza kati ya karatasi mbili za nailoni, juu ubao, juu ya ubao vitabu vizito, saa 24. Pasi ya moto msijaribu, akriliki hulainika na kunata.

Kama rangi inameta sana baada ya gundi, ni gundi iliyozidi. Futeni kwa kitambaa chenye unyevu kabla haijakauka, baada ya hapo haitoki.

Kutundika: katikati ya picha iwe sentimita 100 kutoka sakafuni, macho ya mtoto wa miaka 5 yako hapo. Ukuta usiopigwa na jua la asubuhi wala la jioni. Msigandishe picha yenyewe kwa gundi ya karatasi, tumieni vibanio vya nguo kwenye kamba. Kibandiko cha jina kikae chini, kiandikwe jina la kwanza, umri, na karatasi ilitoka meza ipi.

Karatasi zitakazobaki msizitupe wala msizirundike hivi hivi. Joto la pwani huifanya akriliki igandane uso kwa uso, na mkizibandua rangi ya moja inaondoka na nyingine. Kati ya kila mbili wekeni nailoni nyepesi au karatasi ya kuokea keki, zilazeni bapa ndani ya mafaili ya kadibodi, faili moja kwa rangi moja.

mkutubi_pwani

Nimeelewa. Akriliki na karatasi naagiza wiki hii, na kwa fundi viatu naenda kesho kuulizia huo mrija wa milimita 12. Mwalimu wa sayansi, mlimao upo nyuma ya maktaba na haujawahi kupigwa dawa. Nitaangalia majani machanga asubuhi.